Siku Nilipomtuza Malkia wa Hawaii

Jamani, hii aibu nilitaka kufa nayo, lakini kwa vile shoga yangu Wanjiru ameshaitangaza mtaa mzima wa Langley Park, huku Marekani, tena anaisimulia vibaya, bora mnisikie mimi mwenyewe.

Yule bibi ninayemtunza kule Herndon, Bibi Malia, kwao Hawaii, na macho yake yalikuwa yanakwisha. Miaka mitatu alishona joho la manyoya ya njano la kuvaliwa na malkia kwenye maonyesho yao ya utamaduni, na safari hii malkia ni mjukuu wake, Noe. Akaniambia, "Nikiliona mabegani mwake, basi, macho yaende yanakotaka." Nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu hadi ukumbini, Fairfax, tukakaa mbele kabisa.

Kosa langu ni moja tu, nilibeba khanga mpya. (Mtoto wa watu anakuwa malkia, mimi wa Tanga niende mikono mitupu?)

Basi wakapuliza kombe kubwa la baharini, Noe akaingia, gauni jeusi refu, joho linawaka, nyuma watu na fimbo ndefu zenye manyoya juu, na ukumbi wote kimya! Nikachanganyikiwa. Huu msiba au sherehe? Nikasema labda wanamsubiri wa kuanza. Nikapiga vigelegele, nikapanda jukwaani nacheza, nikamvika Noe khanga mabegani kama bi harusi.

Wale wa fimbo wakaganda. Mama mmoja (sijui alidhani nini) akaja na skafu yake, mumewe anavua koti, mara foleni ya kumtuza! Msimamizi akaja mbio, "Malkia haguswi! Itoe hiyo!" Sasa kama haguswi, naitoaje? Nikinyoosha mkono, anasema haguswi, nikishuka, anasema niitoe.

Ndipo nikamsikia Bibi: "Joho langu liko wapi? Mbona naona maua tu?"

Nilitamani ardhi inimeze. Miaka mitatu ya mwenzangu, nimeifunika kwa khanga.

Noe akashuka mwenyewe (malkia hashuki, niliambiwa baadaye, kwa ukali), akapiga magoti mbele ya kiti. Bibi akaivuta khanga, akalisogelea joho mpaka pua ikagusa, akalipapasa lote, analia, mimi nalia, msimamizi naye analia, sijui kwa hasira au vipi.

Mpaka leo sielewi niliharibu au sikuharibu. Macho ya Bibi sasa yamekwisha kabisa. Nimeapa sipigi tena vigelegele nisikoalikwa, isipokuwa pale Herndon, asubuhi baada ya chai, Bibi anapotaka nimsimulie tena siku ile, maana hakubali nianzie kwingine.