Mzigo wa Saruji wa Marehemu Luqman

Luqman Chande, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi kanzu hapa Msambweni kwa miaka kumi na minne, na hakuwahi kushika usukani hata wa mkokoteni. Lakini kila siku baada ya Alasiri alisukuma cherahani pembeni, akawasha kompyuta iliyokuwa juu ya meza hiyo hiyo ya kushonea, akawa dereva wa lori. Alibeba mbao, alibeba samaki wa barafu, akapita nchi za baridi ambazo hata majina ya miji yake hakuweza kuyatamka. Mkewe Twaiba akimwita chai, jibu lilikuwa moja tu: "Nipo kwenye mteremko, mke wangu. Lori halisimamishwi kwenye mteremko."

Alipofariki, Twaiba akakaa eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba si michache, na kazi aliyojipa ilikuwa kumalizia mambo ya mumewe, ili siku ya kutoka asivuke kizingiti na amana ya mtu shingoni. Kanzu tatu zilizokatwa bila kushonwa zilirudishwa kwa wenyewe. Vikabaki vipimo vya wateja, ambavyo Luqman alivihifadhi kwenye kompyuta. Twaiba akaiwasha kuvitafuta, kidole kikateleza, mchezo ukafunguka.

Lori lilikuwa limeegeshwa kando ya barabara, taa za dharura zikiwaka na kuzima. Juu yake pameandikwa kwa Kizungu: saruji, tani ishirini, haijafikishwa.

Akamwita wifi yake Husna, dada wa marehemu, aliyekuja kukaa naye.

"Wifi, kaka yako ameacha mzigo wa watu njiani."

"Wa nani?"

"Sijui. Imeandikwa tu kuwa unangojewa."

Husna akainama, akasoma, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Kilikuwa kicheko cha kwanza mle ndani tangu maziko, na wote wawili wakaona haya kidogo.

"Ni mchezo, Twaiba."

"Najua ni mchezo. Lakini ni wake, na hakuumaliza."

"Na eda je? Mwenye eda hasafiri."

"Mimi nasafiri nimekaa."

Akaanza kujifunza. Siku ya kwanza alirudi nyuma akaingia kituo cha mafuta, siku ya pili akalaza lori ubavu. Hakuwasha injini bila Bismillahi, na dua ya safari aliisoma yote. Shida haikuwa udereva. Kila akikaribia daraja kubwa, kompyuta ilinguruma, picha zikaganda, ikazima. Akiiwasha tena, lori lipo palepale kando ya barabara, na taa zake za dharura. Eda ikabakisha siku tisa.

Husna akampigia simu Kenga, fundi wa kompyuta wa Ukunda. Alifika na mkoba uliojaa vipuri, akapiga hodi, akatoa pole ya msiba, akaonyeshwa meza. Twaiba alikaa upande wa pili wa pazia.

"Mashine imekula miaka, mama," Kenga akaliambia pazia. "Ingekuwa yangu, ningeweka kadi mpya ya picha, kioo kikubwa, kibodi yenye taa za rangi, na usukani wa kuchezea. Kuendesha lori kwa kipanya ni kama kula wali kwa sindano."

"Taa za rangi?" Husna akadakia. "Mwenye eda hata wanja hapaki."

"Taa ni za kibodi, dada."

"Na kibodi imo kwenye nyumba ya eda."

Kenga akaachana na taa. "Basi tuanze na kumbukumbu. Hii iliyomo ni ndogo, tena imezeeka. Tunaitoa, tunaweka mpya."

Sauti ya Twaiba ikatoka taratibu nyuma ya pazia. "Kumbukumbu ya mume wangu haitolewi, mwanangu. Kusanya vitu vyako uende kwa amani."

"La, mama, si ya mumeo. Ni ya kompyuta, hii tunayoiita RAM. Hata haishiki kitu. Ukizima umeme, inasahau yote."

"Basi hiyo si kumbukumbu," Husna akasema. "Hiyo ni mimi nikifika sokoni."

"Na safari yake imehifadhiwa wapi?" Twaiba akauliza.

"Kwenye diski. Diski siigusi."

Ili kuonyesha ubaya wa mashine, Kenga akaiwasha. Ikaanza kunguruma.

"Usizime," Twaiba akasema. "Huo mlio naujua. Hiyo ni cherahani iliyokula uzi. Uzi unajiviringa kwenye mhimili, chuma kinapata moto, ukizidi kukanyaga inakwama. Fungua pale panapozunguka."

Kenga akatabasamu kama mtu anayefundishwa kazi yake, akazima, akafungua ubavu wa kompyuta. Tabasamu likaondoka. Kwa koleo ndogo akavuta kutoka kwenye feni bonge jeupe la nyuzi na manyoya ya kitambaa, likaja, likazidi kuja.

"Mama," akasema, "humu mna kanzu nzima."

Husna akalitia bonge lile kwenye kisahani, akalipitisha chini ya pazia.

Kisha Twaiba akatoa hukumu. "Feni badilisha. Kipanya pia, kitufe kimoja hakisikii. Kadi, kioo, taa na usukani, rudi navyo salama. Kando ya hiyo kumbukumbu pana nafasi?"

"Ipo moja, mama."

"Basi mpya ikae hapo. Ya zamani usiitoe."

Kenga akalitazama pazia. "Zitaelewana. Ila zote mbili zitakwenda mwendo wa ile ya zamani."

"Hatuna haraka."

Siku nne kabla ya eda kwisha, baada ya Alasiri, lori lilivuka daraja. Husna akaita kutoka jikoni kuwa chai inapoa.

"Nipo kwenye mteremko, wifi," Twaiba akajibu bila kufikiri, na jikoni kijiko kikasimama ndani ya kikombe.

Husna akaja, akasimama nyuma yake. Lori likaingia uwanja wa ujenzi, likajaribu mara sita kurudi nyuma, ya saba likakaa. Maandishi yakatokea: mzigo umepokelewa, umechelewa, malipo yamekatwa.

"Wamemkata maiti mshahara," Husna akasema.

"Wana haki yao. Amechelewa." Twaiba akazima taa za dharura. Kisha wakamsomea Fatiha, wakaenda kunywa chai iliyopoa.