Macho ya Hector Komeo

Nyumba yetu pale Glace Bay, mji wa migodi pwani ya Kanada, ilishikana na ya kina Gillis, kama nyumba zote walizojengewa wachimba makaa: paa moja, familia mbili, na katikati ukuta wa mbao mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya, jirani anakuombea afya. Ndiyo maana hoki ya barafuni niliijua kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Kila Jumamosi ya majira ya baridi, vyombo vikishaoshwa, sauti ya Sadie Gillis ilianza upande wa pili na kuusimulia mchezo hadi mwisho. Alikuwa akimsimulia kaka yake, Hector, ambaye alikuwa kipofu.

Hakuzaliwa hivyo. Kina Gillis mtaani walikuwa wengi mno, kila mmoja akapachikwa jina la pili ili wasichanganywe, na yeye aliitwa Hector Komeo kwa sababu alikuwa golikipa wa timu ya mgodi wake na kumfunga ilikuwa kazi. Mchana alichimba makaa shimoni, chini ya sakafu ya bahari, jioni akasimama golini na uso mtupu. Siku hizo golikipa hakuvaa kitu usoni. Kovu moja juu ya nyusi, jingine kidevuni, na wasichana walimtazama vilevile.

Sadie, mdogo wake, alikuwa mwendeshaji simu. Ulimi wake ulikuwa mwepesi, na ulimfaa kazini. Alikuwa amechumbiwa na Murdo Currie, rafiki mkubwa wa Hector na mpigaji hodari kuliko wote katika timu ile. Harusi ilipangwa baada ya Pasaka ya mwaka 1957.

Mwezi Februari, kwenye mazoezi, Murdo alipiga kama alivyopiga mara elfu. Kile kisahani cha mpira mgumu, kizito kama jiwe, kiliinuka kuliko alivyokusudia. Hector alikuwa amegeuza kichwa kumjibu mtu. Kilimpata jicho la kushoto. Sadie alikuwa ameketi nyuma ya goli na thamosi ya chai mapajani.

Jicho lile madaktari walishindwa kuliokoa. Tukafikiri yameishia hapo, maana mtu na jicho lake moja anaishi. Lakini hutokea, mara chache sana, kwamba jicho moja likiumizwa vibaya mwili hugeuka na kulishambulia lile zima. Ilipofika majira ya joto Hector alikuwa akipapasa ukuta kutafuta mlango wa jikoni.

Murdo alikuja na kofia mkononi. Mama yangu alikuwepo, kaleta mkate.

“Kaa unywe chai, Murdo,” Hector alisema. “Ningekuwa naangalia mchezo, ningekidaka. Haya ndiyo malipo ya kupiga soga.”

“Hector, mimi…”

“Kaa, bwana. Chai inapoa.”

Murdo alikaa, hakunywa. Sadie hakutoka chumbani. Wiki ile ile alimrudishia pete kwenye ngazi za nyuma. “Huna kosa,” alimwambia. “Najua huna. Lakini kila nikikutazama nakisikia kile kishindo.” Murdo akaondoka kwenda Hamilton, kwenye viwanda vya chuma, kama vijana wengi wa kwetu, ila wengine walirudi kila Agosti kuwaona wazazi. Yeye hakurudi.

Hector alipewa kibanda cha sigara na peremende karibu na lango la mgodi. Pesa alizitambua kwa vidole, na wateja kwa kikohozi. Kisha Sadie akanunua televisheni. Jumamosi ya kwanza walikaa wakisikiliza mtangazaji, na Hector akachoka upesi.

“Huyu bwana anaongea na wenye macho. Anataja jina, halafu ananyamaza watu watazame. Nisimulie wewe.”

“Mimi? Mimi najua kuunganisha simu tu, kaka.”

“Basi niunganishe.”

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na ikaendelea miaka zaidi ya thelathini. Mwanzoni alibabaika. Baadaye hata baba yangu alikuwa akizima sauti ya televisheni yetu na kumsikiliza Sadie kupitia ukutani.

Wanaume wa Glace Bay walibishana juu ya wachezaji bora wa dunia kwa kuhesabu mabao na vikombe. Sadie aliwapima kwa namna walivyompa shida kuwasimulia. Béliveau wa Montreal, alisema, ni rahisi: mrefu, kichwa juu, anapita katikati ya watu kama anakwenda kupokea komunyo, nao wanampisha. Howe wa Detroit alimkera.

“Howe humwoni akifanya kitu! Unamwona mtu kalala chini, na Howe anaondoka huku akiangalia paa.”

“Kiwiko hicho,” Hector alisema, akicheka hadi akakohoa. “Hicho kiwiko kingestahili kombe lake peke yake.”

Orr wa Boston ndiye aliyemshinda. Alianzia kwao nyuma kabisa, na kabla Sadie hajamaliza kumtaja aliyemkwepa, keshawakwepa wengine wawili. Siku ile ya mwaka 1970 alipofunga bao la ubingwa, nasi tulisikia ukutani: “Anaruka! Hector, anaruka!”

“Anaruka kwenda wapi?”

“Hewani! Kalala hewani, mikono mbele, na bao limeingia!”

“Mwanamke, umekunywa?”

Lakini magoti ya Orr yalianza kuharibika, na Sadie alikuwa akishusha sauti kila alipomfikia. Hector alikuwa na masikio. “Usinifiche,” alisema. “Anachechemea?”

“Anachechemea, kaka.”

“Mwache apumzike, basi. Nisimulie mwingine.”

Hector mwenyewe aliwaheshimu magolikipa. Kwake hakuna aliyempita Sawchuk, mwenye uso ulioshonwa kila mahali, aliyeinama golini hadi pua ikakaribia barafu. Na Plante wa Montreal. Mwaka 1959 Plante alipigwa usoni, akashonwa, akagoma kurudi uwanjani bila barakoa. Sadie alimsomea habari hiyo gazetini. Baadaye alimwambia mama yangu kwamba vidole vya Hector vilipita na kupita juu ya meza kama anafuta makombo.

“Miaka miwili na kitu,” alisema mwishowe. “Angepigwa mapema kidogo tu, Sadie.”

Kibandani wachimbaji walimcheka Plante, wakamwita mwoga, bibi harusi na shela yake. Hector aliwaambia, “Mimi ningevaa hata sufuria.” Hakuna aliyecheka tena siku ile.

Mwaka 1972 Kanada nzima ilisimama kuitazama timu yetu ikicheza na Warusi huko Moscow. Mchezo wa mwisho, sekunde za mwisho, Henderson akafunga. Sadie akapiga yowe na kushikwa na kilio, neno halimtoki. “Nani?” Hector alikuwa akipiga meza. “Nani kafunga? Sisi au wao? Sadie! Sema, we shetani!” Ilibidi baba yangu apige kelele kupitia ukutani: “Ni sisi, Hector! Henderson!” Kwa miaka mingi baadaye Hector akimtania Sadie alisema, “Mara moja tu nilikuhitaji kweli.”

Alipotokea Gretzky, Sadie alikuwa na mvi. “Kijana mwembamba, hana haraka. Kasimama nyuma ya goli kama anasubiri basi.”

“Halafu?”

“Halafu ni bao. Usiniulize.”

Usiku mmoja katika miaka hiyo, walipokuwa wakibishana nani alikuwa mpigaji bora wa wote, Hector alisema, “Murdo Currie.” Nilikuwa jikoni kwao, nimekuja kuazima hamira, mwenyewe nikiwa sasa na watoto. “Nimewasikiliza wote, na sijasikia mkono mwepesi kama wake. Mwandikie, Sadie. Mwambie nimesema hivyo.”

Sadie alisimama akaongeza makaa jikoni ingawa moto ulikuwa mkali. “Nitamwandikia,” alisema. Hakumwandikia.

Hector alikufa Januari 1991. Si macho yaliyomuua bali kifua, vumbi la ile miaka michache ya shimoni. Siku za mwisho bado alitaka asimuliwe, na Sadie alisimulia polepole, akingoja apate pumzi kati ya pasi na pasi.

Tulikesha na maiti pale pale nyumbani, kwa rozari, biskuti za shayiri na chupa ya ramu. Siku ya pili mzee mmoja mwenye koti la mjini alisimama mlangoni akishindwa kuingia. Sadie alimtambua kabla yetu.

“Ingia, Murdo. Baridi inaingia.”

Alipiga magoti kando ya jeneza. Aliponyanyuka alimuuliza Sadie, kwa sauti ndogo, kama Hector aliwahi kumtaja. Niliona Sadie akishika ukingo wa meza.

“Alisema wewe ndiye mpigaji bora kuliko wote. Kuliko Howe, kuliko Orr. Akaniambia nikuandikie.”

“Alisema lini?”

“Zamani. Mimi ndiye sikuandika.”

Murdo alikaa kwenye kiti na kuufunika uso. Alilia kwa sauti, mbele ya watu, mzee wa miaka karibu sitini. Alisema hakuwahi kuvaa tena viatu vya kutelezea barafuni tangu ile Februari, hata na wanawe. Sadie alimwekea chai mbele yake. Hakumgusa, wala hakuondoka. Alisimama pale nyuma ya kiti hadi alipotulia.

Murdo alirejea Hamilton baada ya maziko. Hawakuandikiana. Ilikuwa imechelewa, au labda yaliyobaki kusemwa hayakuwa mengi. Mwaka uliofuata tulisikia amefariki, na Sadie akaomba misa isomwe kwa ajili yake.

Jumamosi ya kwanza baada ya msiba nilimpelekea supu. Televisheni ilikuwa inawaka bila sauti. Nilidhani ningemsaidia, nikaketi na kumwambia, “Shangazi, nisimulie basi.”

“Wewe una macho,” alinijibu. Hakusema kwa hasira. Akainuka akaizima.

Baadaye aliipeleka kwenye ukumbi wa parokia. Huko wazee waliendelea kubishana, na walipokwama walimgeukia. Zamani angewanyamazisha wote. Sasa alisema hakumbuki vizuri, akawauliza zamu ya kugawa karata ni ya nani. Alicheza karata hizo kila Jumatano kwa miaka minane, akifunga mafundo ya shali yake kama mtu anayejiandaa kuondoka. Alifariki mwezi Machi, barafu ya bahari ilipokuwa imejaa ghubani hadi ufukweni, na ardhi ilikuwa imeganda, ikabidi tungoje wiki nzima kaburi lichimbike.