Nukta Mbili Mahali Pamoja

Mwalimu Pitia nilimsikia kabla sijamwona, na laiti ningeishia hapo hapo kwenye kusikia. Nilikuwa nimesimama nje ya ua wa mabati kule Gurei, Juba, mkoba begani, nimeelekezwa kwamba kuna chumba cha kupanga, na kabla sijabisha sauti nzito ikaanza kuimba ndani, polepole, kama mtu anayepapasa kiberiti gizani, nami nikakichukua chumba kile bila hata kuuliza kama kina dirisha. (Hakikuwa nalo.) Nawasimulia haya nikiwa nimeinamisha uso, maana mtu niliyempenda kwa sauti yake ndiye niliyekuja kumvua nguo mbele ya watu, kwa mikono yangu mwenyewe, huku nikitabasamu.

Mimi natoka Kenya na kazi yangu ni kubuni skrini: mtu aone nini, aguse wapi, kidole kimpeleke wapi. Parokia za Juba, kuanzia Gurei mpaka Gumbo, zilikuwa zimekusanya kaseti za nyimbo zilizorudi na watu kutoka kambi za wakimbizi za Uganda, mia mbili na kitu, wazee wakaniomba niwatengenezee njia ya kuzisikiliza. Orodha sikuitaka. Orodha inakutaka ujue unachotafuta, na mimi nilitaka mtu atembee ndani ya muziki kama anavyotembea sokoni siku ambayo hana haja ya kitu. Basi nikachora anga. Kila wimbo ukawa nukta, na kompyuta nikaiagiza isikilize mahadhi tu, isijali nani anaimba, nyimbo zinazofanana ikazifanye majirani.

Kisha nikafanya uamuzi mmoja mdogo: nikaficha majina. Yalikuwa yanachafua anga yangu kama nzi kwenye maziwa, na tena nilijua watu walivyo, ukiwaonyesha majina kila mmoja atakimbilia kwaya ya kwao na kuishia hapo. Waongozwe na masikio, nilijiambia (kwa majivuno ya mtu aliyevumbua chumvi).

Siku ya kuionyesha kazi ilikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi wa hoteli moja mtaani Amarat, jenereta likinguruma nyuma. Wazee wa parokia walikuwa na shughuli yao pia: mchana ule wangemtangaza kiongozi wa kwaya ya pamoja, na kila mtu alijua atakuwa Mwalimu Pitia, kwa sababu ndiye mtunzi wa "Mto Umenijua", ambao Juba nzima huuimba harusini na matangani. Aliisubiri siku hiyo miaka mingi. Alivaa suti ya kijivu iliyopigwa pasi mpaka ikang'aa magotini. Mkewe, Mama Sunday, aliyenipakulia chakula miezi kumi kama binti yake, alikaa mstari wa mbele.

Nilitaka kumpa heshima, basi nikamkabidhi tableti na kumwonyesha nukta ya buluu iliyokuwa yake. "Mwalimu, gusa hapa." Akagusa. Kwaya yake ikaujaza ukumbi, wazee wakaifuatisha kwa kunong'ona, na ulipoisha wimbo anga ikafanya nilichoifundisha: ikahamia yenyewe kwa jirani wa karibu kabisa.

Akaimba mwanamke. Peke yake, bila kwaya, mvua ikipiga turubai nyuma yake na mtoto akilia mahali fulani, na alichokuwa akiimba kilikuwa "Mto Umenijua", mstari kwa mstari.

Nikashika maikrofoni. "Samahani wazee wangu, mashine imerudia wimbo."

"Mashine iko narudia na sauti ya mwanamke?" aliuliza Mzee Wani, mwenyekiti, na watu wakacheka, nami nikacheka (Mungu anisamehe), nikaona hii nitaizima kwa ufundi. Nikaivuta anga karibu. Nukta mbili zilikuwa zimekaa mahali pamoja, moja juu ya nyingine kama sahani zilizooshwa, na kadiri nilivyozivuta ndivyo zilivyozidi kuujaza ukuta. Mwenye akili angenyamaza hapo. Mimi nikasema, "Ngoja tuone majina," nikabonyeza.

Herufi zikatokea ukutani, kubwa kama mbuzi. Ya kwanza ilisema: Kwaya ya Gurei, mtunzi Mwalimu Pitia. Ya pili ilisema kile kilichoandikwa kwa kalamu juu ya kaseti moja kutoka Gumbo, nilichokinakili mwenyewe bila kuwaza: Wimbo mpya wa Kiden, kambini. Chini ya kila moja kulikuwa na mwaka, na wa pili uliutangulia wa kwanza kwa miaka minane.

"Kiden gani?" niliuliza. Ndiyo, mimi niliyeuliza, tena kwenye maikrofoni.

Wale waliowahi kuishi kambini waligeuza shingo kutazama mstari wa mbele, nami nikayafuata macho yao mpaka yakanifikisha kwa Mama Sunday. Miezi kumi nilimwita kwa jina la kifungua mimba wake, na la kwake sikuwahi kuliuliza.

"Ustaz," Mzee Wani alimwambia Mwalimu, na sasa hakuna aliyecheka, "hii wimbo ni ya nani?"

Aliyesimama ni Mama Sunday.

"Iko yangu," alisema. "Mimi nilitunga kambini. Huyu alikuwa amezika ndugu wawili kwa wiki moja, hasemi, hakuli. Nikamwambia, chukua hii, imba kama ni yako. Akaimba. Siku hiyo akakula. Mtu akipewa kitu na bibi yake, ninyi mnataka risiti?"

"Lakini aliambia watu ametunga yeye," Mzee Wani alisema.

"Mimi ndiyo nilimwambia aseme hivyo. Wakati ile nani alikuwa anasikiliza wimbo ya mwanamke? Wewe, Wani? Wewe ulikuwa unatutuma maji."

Kisha akanigeukia. "Na wewe, binti yangu. Kaseti iko kwa chumba yako, mimi iko jikoni, hatua kumi. Hukuweza kuuliza, Mama, hii ni nini?"

"Sikujua unaitwa Kiden."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," alisema, bila hasira yoyote, na ningependa zaidi angenipiga.

Anga yangu ilijua nyimbo mbili zinafanana. Haikujua kwamba kufanana kunaweza kuwa wizi na kunaweza kuwa zawadi, na ukutani vyote viwili vina rangi moja. Siku hizi nimeuhama ua ule, ninaishi ng'ambo ya mto, na nimeapa siweki nukta kabla sijakaa na mwenye sauti nikamwuliza jina alilopewa na mama yake, na majina yote nayaacha wazi, yachafue yanavyotaka.

Lakini siku ile kiapo hakikuwa na faida kwa mtu. Mzee Wani alikunja karatasi yake. "Kalas, imekwisha. Habari ya kiongozi tutaongea siku ingine."

"Hakuna siku ingine," Mwalimu alisema, na sauti yake ilikuwa nyembamba kuliko nilivyowahi kuisikia. "Muulizeni mwenye wimbo kama anataka kuongoza."

"Pitia, kaa," mkewe alimwambia.

Hakukaa. Alinirudishia tableti kwa mikono miwili, kwa adabu, akaanza kupita katikati ya viti. Nikainuka nimfuate, Mama Sunday akanishika kiganja.

"Mwache. Wewe umeonyesha ya kutosha."

Mwalimu akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.