Rangi ya Kucha kwenye Skrubu ya Fundi Geji

Saa mbili na robo asubuhi, Fundi Geji ameinama mbele ya gari jeupe lililofunguliwa boneti. Hana spana mkononi. Ananusa, anafumba macho, ananusa tena, kisha anamgeukia mwenye gari, mume wa dada yake.

"Shemeji, umeigusa ile skrubu?"

"Sijaigusa."

"Basi petroli imejimwaga yenyewe."

Ni mara ya tatu mwezi huu gari hili kurudi likinuka petroli. Fundi ana miaka hamsini na miwili, na jina la Geji alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya kipimo cha presha anachokivaa shingoni kwa kamba ya kiatu.

Kazi yake kubwa ni kuyafungia kabureta, kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa, magari ya injekta ambayo kompyuta zake zimekufa. Kwa miaka tisa amebadilisha magari sitini na moja. Zaidi ya nusu yamewahi kurudi, na si kwa kosa lake, anasema, kwa sauti ya mtu aliyechoka kulisema jambo hilo.

"Pampu ya injekta inasukuma petroli kwa presha ya pauni arobaini. Kabureta inataka nne. Nne tu. Ukiipa arobaini ni kumnywesha mtoto mchanga kwa mpira wa zimamoto. Inafurika, petroli inamwagikia injini ya moto. Sasa subiri cheche."

Dawa yake ni regulata, kifaa kidogo cha kupunguza presha, pamoja na bomba la kurudisha petroli ya ziada kwenye tangi. Juu ya regulata kuna skrubu, na hapo ndipo balaa linapoanzia. Kila dereva aliyeshindwa na mlima anaamini kwamba akiikaza, gari litapata nguvu.

"Nimewaeleza mpaka koo limekauka. Nguvu haitoki hapo. Lakini ni kumpigia mbuzi gitaa."

Ndipo alipoanza kuazima rangi ya kucha ya mkewe. Akishapima presha, anadondosha tone jekundu juu ya skrubu. Rangi ikipasuka, mtu kaigusa. Mkewe analalamika kuwa magari yana kucha nzuri kuliko zake.

Leo rangi ni nzima, inang'aa. Shemeji anatabasamu. Fundi anafunga geji, anawasha injini, anasoma: pauni kumi na moja. Anachukua tochi na kuinama karibu zaidi.

"Shemeji, mimi hupaka nyekundu. Hii ni ya waridi."

Shemeji anatazama viatu vyake. Mafundi wa banda la pili wanaangua kicheko, lakini Fundi hacheki. Gari hili ndilo linalowapeleka wapwa zake wawili shule. Asubuhi hii, kwa maneno ya baba yao mwenyewe, yule mdogo ameshuka akilalamika kwamba harufu inamuumiza kichwa.

"Nina hasira, na ninaogopa," anamwambia mwandishi. "Mtu katafuta rangi, kaipaka vizuri, haijavuka hata ukingo. Akili yote hiyo, na neno nne limemshinda."

Anampigia simu dada yake na kumweleza.

"Kumbe ndiyo maana chupa yangu ya rangi nimeikuta haina kifuniko," dada anasema. "Kaka, ufunguo baki nao."

Fundi anautia mfukoni. Tangu leo, anasema, hafungi tena kabureta huku akiiacha pampu ya zamani. Ataitoa na kuweka ndogo ya nje ya tangi, ya pauni nne, isiyo na skrubu ya kuchezewa. Anajua wateja wengine watamkimbia. Ataanza na gari hili, na pampu aliyoagiza itafika Ijumaa.

"Leo Jumanne," shemeji anasema taratibu. "Na watoto?"

"Watatembea," anajibu Fundi huku akifunga boneti. "Mabegi utabeba wewe."