Msumeno wa Kikombe na Kinu Kitupu

Juzi mjukuu wangu aliingia uani kwangu hapa Ngoingwa amebeba kijisanduku cha plastiki kama mtu aliyeokota dhahabu. Amejitengenezea karakana ndogo kwenye gereji, na kila akienda mjini Thika lazima arudi na chombo.

"Shosho, cheki hii seti. Bei ya kutupa! Nimepata ama nimechezwa?"

Ndani mlikuwa na misumeno ya kikombe. Kama huijui, rafiki yangu, fikiria kikombe cha chuma kilichochongwa meno ukingoni. Ukikifunga kwenye drili kikazunguka, kinakata tundu la mviringo. Nilipitisha kidole kwenye meno ya mmoja. Chuma chembamba, rangi nyingi. Papo hapo nikasikia harufu ya mafuta ya nyonyo, ingawa hakuna aliyekuwa nayo pale.

Acha nikueleze polepole.

Miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, tulitolewa kwenye mashamba yetu tukarundikwa katika kijiji kipya karibu na Ruiru, katikati ya kahawa ya walowezi. Nilikuwa msichana mdogo. Kijiji kilizungushiwa handaki lenye vijiti vilivyochongwa, na langoni walisimama magadi, vijana wa kwetu wenyewe waliopewa bunduki watulinde, na watuchunge. Baba alikuwa ameshapelekwa kizuizini. Nilibaki na cucu, aliyemzaa baba, na baba mdogo, aliyekuwa fundi katika kiwanda cha kumenya kahawa.

Usidhani hakukuwa na utamu. Asubuhi za baridi ukungu ulishuka na harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, na cucu alinitolea kiazi kitamu jivuni, nikakirushia mkono huu na huu mpaka kipoe. Jioni vinu viliitikiana nyumba kwa nyumba. Cucu, bila kuinuka kigodani, alikuambia nani anatwanga mahindi mapya na nani makavu. "Kinu hakijui kudanganya," alikuwa akisema.

Shida yetu ilikuwa maji. Lango la kwenda mtoni lilifunguliwa kwa muda mfupi tu alasiri, na siku nyingine halikufunguliwa kabisa. Goti la cucu lilikuwa bovu. Baba mdogo akapata pipa la mafuta lililokwisha kazi, limezibwa juu, lina mdomo mdogo tu wa kumiminia. Akapata na mfereji mdogo wa shaba, ule wa kufungulia na kufungia maji. Kilichobaki ni tundu moja la mviringo karibu na kitako cha pipa, ili mfereji ukae na cucu asikaukiwe tena.

Tundu moja tu. Lakini watu wa msituni, waliopigana na serikali ya mkoloni, walikuwa wakitengeneza bunduki kwa bomba la maji na komeo la mlango, na aliyesikika akitoboa chuma hakuulizwa anatengeneza nini. Alichukuliwa kwanza.

Baba mdogo alienda Thika, kwa Mhindi wa duka la vyuma. Aliporudi alituigizia mazungumzo yao. Mwenye duka aliweka misumeno miwili juu ya meza, mmoja mzito, mwingine mwembamba kama bati. Akaugusa ule mwembamba. "Hii ya mbao, fundi. Ukipeleka kwa chuma, itakula kidogo, halafu italia."

"Wacha ilie mara moja tu," baba mdogo alimjibu, akachukua mwembamba. Usimcheke. Mfuko wake ulikuwa umeshaamua kabla hajafika dukani.

Ikawa Jumamosi alasiri. Mpango ulikuwa cucu na jirani yetu, mama mmoja wa maneno mengi, watwange mlangoni ili kinu kifunike sauti ya ndani.

"Sasa tutwange nini?" jirani akauliza. Shamba lilibaki ng'ambo ya handaki, na mahindi pekee nyumbani yalikuwa ya mbegu, masuke machache yaliyoning'inia juu ya meko, meusi kwa moshi.

"Mbegu haitwangwi," cucu akasema. "Tutatwanga hewa."

"Basi twende! Gadi ni mwanamume. Anajua uji, hajui ulikotoka."

Wakacheka, wakaanza. Ndani, baba mdogo alizungusha kekee, ile drili ya mkono, nami nikadondosha mafuta ya nyonyo kwenye meno ili yasipate moto. Mwanzoni chuma kilitoka kwa nyuzi nyembamba, kimyakimya. Kisha, katikati ya safari, meno yakaanza kujikunja. Msumeno mzuri ungekuwa umeshapita. Huu wetu ulisugua tu, na ukalia, sauti kali iliyonifanya nikaze meno. "Taratibu," baba mdogo aliunong'oneza. "Taratibu, mzee." Nje michi ikaharakisha.

Kisha michi ikanyamaza.

Nilichungulia. Gadi alikuwa amesimama mbele ya kinu, yule kijana wa boma lililopakana na letu zamani, aliyekula kwa cucu akiwa na kamasi puani. Mkononi alishika kifurushi cha kitambaa.

"Cucu, mnatwanga nini?"

"Mahindi, mwanangu."

Akaingiza mkono kinuni, akautoa mtupu. "Nimekisikia tangu langoni," alisema kwa upole. "Mama yangu alikuwa akitwanga hivi mwaka wa njaa, majirani wasijue hatuna kitu. Nimewaletea mahindi kidogo."

Cucu alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, baba mdogo, asiyejua kitu, alizungusha kekee mara moja zaidi. Msumeno ukalia nyumba nzima.

Uso wa yule kijana ukabadilika. Aligeuka kutazama langoni, ambako wenzake nao walikuwa wamegeuka. "Cucu," akasema, "ungeniacha nisisikie." Aliweka kifurushi ukingoni mwa kinu, akainama, akaingia ndani. Baba mdogo alitoka mbele yake, chembe za chuma zikimetameta mikononi.

Cucu hakugusa kile kifurushi. Alishusha mbegu juu ya meko, akazipukuchua kinuni, akatwanga mpaka giza likaingia. Sauti ilikuwa nzito, ya kinu kilichoshiba, na bila shaka ilifika langoni. Hakuna aliyekuja kuuliza.

Baba mdogo alirudi kutoka kizuizini nikiwa msichana mkubwa, wakati ambapo tulichota maji saa yoyote tuliyotaka. Hakushika kekee tena. Pipa liko hapa uani kwangu, naweka makaa, na karibu na kitako lina alama ya mwezi mchanga, pale msumeno ulipoishia.

Nilimjibu mjukuu wangu kwa moyo mweupe. Kwa mbao laini hajachezwa. Atoboe nusu upande mmoja, amalizie upande wa pili, atoe unga wa mbao kila mara, asilazimishe. Lakini kwa chuma aache seti, anunue mmoja mzuri wa kipimo anachohitaji, maana ule mwembamba atalipia kwa muda, na si kila mtu ana muda.

"Sawa, Shosho," akasema, akafunga ubao, akawasha drili.

Kelele zilijaa mtaa. Vinu viliuawa na mashine za kusaga unga, na majirani zangu wa leo hawangeweza kutofautisha kilichoshiba na kilicho kitupu. Hakuna dirisha lililofunguka, hakuna aliyekuja na kifurushi. Mjukuu alitoboa tundu safi kabisa, akauinua ubao nilione. Nilikuwa nimempa kisogo, natazama lango.