Mlima Aliouchagua Nabututu

Frankline Obonyo hujipatia riziki kwa kuwaonyesha wageni ndege. Kila asubuhi pale Dunga, ufukweni mwa ziwa, huwapakia kwenye boti yake, huwapeleka hadi ukingo wa mafunjo, kisha huzima injini na kungoja. Humtambua mdiria kwa sauti kabla mgeni hajainua darubini. Ana miaka arobaini na mmoja, na kwa muda mrefu hajaenda popote kutazama kitu ambacho halipwi kukitazama.

Kwa hiyo mke wake, Nabututu, muuguzi huko Kombewa, alipopata likizo ya wiki nzima mwezi wa Agosti na kusema kwamba safari hii hataki kuimalizia jikoni, anataka kutembea na kulala hemani mpaka miguu imuume, Frankline alifurahi. Mahali alikuwa napo tayari. Wangevuka kwa feri hadi Mbita, wapande vilima vya Gwassi, wamalizie mbuga ya Ruma. Alimchorea njia yote ya siku saba.

Nabututu aliutazama mchoro ule kwa adabu, kama anavyomsikiliza mgonjwa aliyejiandikia dawa mwenyewe.

"Mimi nataka Elgon," alisema.

Frankline hakuwa na neno na mlima. Neno alikuwa nalo na Mukhwana. Nabututu alizaliwa Kimilili, chini ya mlima huo, na Mukhwana alisoma naye, nusura amuoe. Sasa anaongoza wapanda mlima. Wiki mbili mfululizo simu ya Nabututu ilikuwa imepokea picha: mawingu chini ya miguu, mapango, mimea mirefu kuliko mtu. Pembeni mwa kila picha kulikuwa na ncha ya kiatu cha Mukhwana. Frankline alikichukia kiatu kile kuliko alivyowahi kumchukia mtu.

Kilichomchoma zaidi ni maswali. Mmea huu unaitwaje, na ule? Nabututu alimwandikia Mukhwana hivyo kila siku, mwanamke ambaye katika miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumuuliza mumewe jina la ndege hata mmoja.

Hayo hakuyasema. Alijishikiza kwenye mila. Kwao Frankline na kwao Nabututu pia, mwanamume halali kwenye boma la mama mkwe, na safari ya Elgon ingeanzia bomani humo.

"Mama Becky, unajua mkwe halali kwao mke," alisema, akijitia kusikitika. "Wewe utalala kwa mama yako. Mimi nitalala wapi?"

"Kwa Mukhwana," Nabututu alijibu, akiendelea kukunja nguo. "Ana vyumba viwili."

Kesho yake, baada ya kushusha wageni, Frankline alimpigia Mukhwana simu akijifanya mteja wa Nakuru. Aliuliza kuhusu mvua, kuhusu mahema, na kama kiongozi hulala karibu na wateja. Mukhwana alijibu yote kwa upole. Kisha akasema, "Shemeji, huyo tai furukombe anayelia hapo nyuma, Nakuru mjini mmemtoa wapi? Namba yako ninayo tangu wiki jana."

Jioni Nabututu alikuwa ameshapata habari. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Becky, umekuwa mtu wa Nakuru tangu lini?"

Frankline hakucheka. "Hujawahi kuniuliza jina la ndege," alisema. "Yeye unamuuliza hadi majani."

Nabututu aliacha kucheka. "Nilitaka kukuuliza. Mwaka ule tulipooana nilikuja Dunga na viatu vizuri. Ukaniambia nikae pale, boti imejaa, nisubiri wageni washuke. Wakashuka, wakapanda wengine. Nikarudi nyumbani."

Frankline alikumbuka. Alikumbuka hata rangi ya vile viatu.

"Twende Elgon," alisema hatimaye. "Nitalala kwa Mukhwana. Lakini huko juu uniulize mimi kwanza."

"Mimea ya kule huijui."

"Nitasoma."

"Haya, soma," Nabututu alisema, akirudi kwenye simu yake. "Mukhwana naye ameanza kusoma ndege."

Frankline aliweka kikombe chini.

"Ndege? Ndege wa nini?"

"Nilimwambia wewe unawajua wote. Anaogopa utamwaibisha mbele yangu."

Frankline akatabasamu, ila kwa muda mfupi tu.

"Na kwa nini," aliuliza, "aogope kuaibika mbele yako?"