Meno Yaliyoninyima Mapokezi

Meno yangu hayajaoza, niseme hilo kwanza. Shida iko kwenye fizi. Zimerudi nyuma, hasa hizi za juu mbele, mpaka meno yanaonekana marefu na mizizi yake ya manjano iko nje nje. Kwetu Msambweni tulilelewa kusugua kwa mkaa na chumvi, tena kwa nguvu, na damu ikitoka unaambiwa sasa mdomo umetakata. Nikasugua hivyo mpaka utu uzima. Leo nikikumbuka hasira zinanipanda, lakini nimkasirikie nani?

Nilikuwa dobi, bado ni dobi, katika hoteli moja ya ufukweni Galu. Mvuke kutwa, mashuka, sabuni inayochuna vidole. Ikatokea nafasi mapokezi. Wallahi niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Kiingereza ninacho, Kijerumani cha kumkaribisha mgeni na kumuuliza safari ninacho, na kompyuta nilikuwa nimejifunza. Ila sisi hatukulelewa kujipeleka kwa mkubwa na kusema nipe. Hata mke huposewa na mshenga. Anayekwenda kujiombea mwenyewe huonekana hana watu. Basi nikamtuma shoga yangu.

Huyo shoga, msichana mwenzangu, alitoka bara, akaajiriwa kuhudumia mezani hoteli hiyo hiyo, tukapanga chumba kimoja Ukunda. Haya zetu za kipwani hana; angemwendea meneja hata mdomo umejaa wali. Nikamfunda maneno yote, mwambie hivi, mwambie vile, usisahau Kijerumani. Nilimwamini kabisa. Nguo zangu alivaa, akiugua mimi ndiye ninayemuuguza, na mama yangu alimwita mwanangu.

Jioni akarudi, akaketi kitandani, akashusha sauti.

"Bosi hana shida na wewe," akasema. "Shida ni hizo meno. Anasema wageni wataogopa."

Lo! Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Maana ni yeye peke yake niliyewahi kumfungulia mdomo, nikamulika kwa simu nimwonyeshe mizizi, nikamwambia ndiyo maana huwa nacheka na leso usoni. Nikamuuliza sasa nifanyeje.

"Si uweke vinia? Kila mtu anaweka siku hizi."

Akanionyesha picha kwenye simu: vigamba vyembamba vyeupe vinavyobandikwa mbele ya jino, watu wanang'aa midomo. Usingizi ulikuwa mtamu usiku ule. Nilijiona nimesimama mapokezi, nacheka bila leso.

Daktari wa meno, binti mdogo kuliko mimi, hakunirembea maneno. Alinichunguza kwa kijiti chake, fizi zikatoa damu.

"Dada, vinia hairudishi fizi," akasema. "Ili nibandike, huenda nikakwangua jino kidogo, na jino likishakwanguliwa halioti tena. Kwenye mzizi vinia haishiki vizuri. Nayo fizi ikizidi kurudi, ukingo utaonekana. Utakuwa na mstari hapa juu, kila mtu anauona."

"Kwa hiyo haiwezekani?"

"Inawezekana, siyo leo. Kwanza tuondoe ukoga uliogandamana, utumie mswaki laini, uache mkaa. Fizi zitulie. Ndipo tuone."

Nikamrudia shoga yangu nimenuna. Nilidhani atanihimiza nitafute fundi wa haraka. La, akanikumbatia.

"Tibu kwanza, usiharakishe," akasema. "Ile nafasi mimi nakulindia kwa bosi. Ila wewe usimwendee sasa, atakuona unamsumbua."

Nami nikamshukuru! Nikampikia na wali wa nazi. Masikini mimi! Nikiukumbuka ule wali nataka kulia.

Nikatibiwa. Nikakwanguliwa ukoga, nikajifunza kupiga mswaki polepole kama napangusa kikombe cha mgeni. Damu ikakoma. Nikawa najitazama kwenye kioo cha chumba cha kufulia, napima nitacheka kiasi gani meno yasionekane sana.

Asubuhi moja nikapita mapokezi na vitambaa vya meza begani. Shoga yangu alikuwa nyuma ya kaunta, amevaa sare mpya, skafu shingoni.

"Nitakueleza nyumbani," akasema, macho kwenye kompyuta.

Sikungoja nyumbani. Nikaweka vitambaa chini palepale, nikaenda kwa meneja, mara yangu ya kwanza kumwendea bila kuitwa. Nikamsalimu, nikamuuliza kama meno yangu ndiyo yaliyoniponza.

"Meno? Meno gani?" Akayatazama, nadhani ndiyo siku aliyoyaona. "Mimi sikujua kabisa kuwa unaitaka. Mwenzako alikuja kujiombea yeye. Nilimuuliza habari zako, akaniambia wewe umeridhika na dobi, tena hupendi kuongea na wageni."

Nikamwambia asante. Sijui kwa nini nilisema asante. Meneja hakuwahi kunitia kasoro. Kasoro alinitia yule niliyemfunulia. Mizizi niliyomulika kwa simu chumbani kwetu, ndiyo aliyoichukua akanitishia nayo nikae kimya.

Nikarudi kufua. Sikulia, nilikuwa na hasira ya kupasua shuka. Baadaye simu ya ukutani ikalia, nikaipokea.

"Dobi? Hapa ni mapokezi. Naongea na nani?"

"Mimi," nikasema.

Nilimsikia shoga yangu akivuta pumzi. Kisha, kwa sauti ileile anayowasemeshea wageni, akaagiza taulo mbili za bwawani, akasema tafadhali.